Seva Imejaa, Bosi

Katika kampuni ndogo ya intaneti, seva ya Linux haifi kwa ugonjwa. Inakufa kwa shibe.

Sisi tuko Tanga, ofisi ya chumba kimoja ambamo mafundi, mhasibu na mashine tunagombea feni moja. Jioni ya Simba na Yanga mji mzima ulikuwa juu yetu. Mara simu zikaanza. Nikapima laini: pingi inajibu, umeme upo, prosesa haina kazi ya maana. Bosi akapiga: "Kijana wangu, mpira umeganda Ngamiani nzima!"

Nzima si kweli. Aliyekuwa ameshaunganishwa aliendelea kutazama. Aliyechelewa ndiye aliyekosa. Majirani wawili, ukuta mmoja: huyu anashangilia goli, yule anatazama kiduara kikizunguka. Bahati mbaya yule wa kiduara alikuwa wa Simba, na mshangiliaji ni Yanga. Akatupigia kutaka kujua kampuni imehongwa shilingi ngapi.

Hakuna aliyehongwa. Wateja wetu wote hutoka nje kwa anwani chache tu za umma, hivyo seva lazima iandike kila muunganisho kwenye jedwali ijue jibu limrudie nani. Jedwali letu lilikuwa na nafasi 65,536, na simu moja tu hufungua miunganisho chungu nzima. Likijaa, wageni wapya hutupwa mlangoni kimyakimya. Kibaya zaidi, muunganisho uliokatika bila kuaga hubaki humo kwa sekunde 432,000, yaani siku tano. Mtu amezima simu, amepanda basi la Lushoto, amekula pilau ya harusi na kurudi. Seva bado inamsubiri.

Nikaongeza nafasi hadi 262,144, kitu kisichofikisha hata megabaiti 100 za ramu, na siku tano nikazifanya saa chache. Mpira ukarudi. Bosi akauliza, "Bila kununua kitu?" Nadhani aliumia kidogo.

Kununua kwenyewe ndiko kunakotushinda. Kwenye mpango wa mwaka niliomba seva mbili.

"Ya pili itafanya nini?"

"Itasubiri ya kwanza ife, bosi."

"Nimlipe mtu mshahara wa kusubiri msiba?"

Tukakutana katikati: ya pili ikawa kompyuta ya mezani iliyostaafu kwenye duka lake la fotokopi. Tukaipa kazi ya kutunza kumbukumbu za wateja. Asubuhi moja ikagoma kuandika, eti diski haina nafasi. Bosi akachungulia kioo mwenyewe: asilimia 60 tupu! Ni kwamba mfumo wa faili wa ext4 hupangiwa idadi ya faili siku diski inapoandaliwa, na programu yetu ilikuwa ikizalisha faili dogo kwa kila mteja anayeingia na kutoka. Gigabaiti zipo, namba za faili zimekwisha. Amri ya df pekee haikuonyeshi hilo. Ukiiongezea -i ndipo unaona. Bosi akatafakari. "Basi hiyo 60 tuikodishe."

La mwisho lilimtisha kweli. Fundi mwenzangu alifuta faili kubwa la kumbukumbu, nafasi isirudi, kwa kuwa programu ilikuwa bado imelishikilia.

"Limefutwa, halionekani, na bado linakula?"

"Ndiyo, bosi."

"Hilo ni jini."

Tanga hapa neno hilo halisemwi kwa utani. Nikaiwasha upya ile programu kabla hajampigia shehe.

Siku hizi seva inatuma ujumbe kila kitu kinapofika asilimia 80. Bosi naye anaupokea, kisha ananitumia uleule na alama za kuuliza.

Nanyi wateja, mkipiga simu, "mtandao haupo" haitusaidii. Tuambieni WhatsApp inapita au haipiti, jirani anapata au hapati, na ilianza saa ngapi. Timu unayoshabikia si lazima tuijue.