Dakika Nane za Kwenda Kogatende

Ukiweka rula juu ya ramani, kutoka kiwanja cha ndege cha Keekorok, Maasai Mara, hadi Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, ni kama kilomita 40. Programu za kukadiria muda wa safari za ndege hazisiti hapo: nyingi hugawa umbali kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita 800 hivi kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Jibu ni dakika 33. Tatu za safari, 30 za adabu.

Mhasibu mmoja wa Nairobi alizipunguza hata hizo. Alijua huko huja Cessna Caravan, yenye injini moja na pangaboi moja puani, na kwa mwendo wake wa karibu kilomita 300 kwa saa, safari ni dakika 8. Akampigia simu dada yake, aliyekuwa na kazi katika kambi ya upande wa pili.

"Dada, chakula cha mchana tunakula pamoja."

"Tikiti yako inasemaje, kaka?"

"Inasema Migori. Naona wanapitia kushusha mtu."

"Mtu mwenyewe ni wewe."

Viwanja hivyo viwili ni njia za changarawe porini. Hakuna afisa uhamiaji wala forodha, na ndege za ratiba hazivushi watu moja kwa moja. Kwa gari ndiyo usiseme. Tanzania ilifunga mpaka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika pamoja na shirika lake la ndege. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, lakini lango la Bologonja, linalounganisha mbuga hizi mbili, liliendelea kufungwa kwa watalii. Jumuiya ikafufuka 2000. Lango halikupata habari. Mhasibu alikuwa anacheleweshwa na ndege zilizoacha kuruka kabla hajazaliwa.

Asubuhi ya safari ilianzia kwenye mizani, Keekorok. Kila abiria kilo 15, begi laini. Yeye alikuja na sanduku gumu la magurudumu, la kwenda nalo Dubai. Mpishi wa kambi aliyolala akamwazima kiondo, vitu vikamiminwa humo. Pundamilia walifukuzwa njiani kwa gari, ndege ikaruka, ikapitia viwanja vingine vya Mara kama matatu inayosaka abiria, kisha ikaelekea magharibi.

"Kogatende iko kule," rubani alisema, akionyesha kushoto. Wakapita.

Migori alishuka, akapanda gari hadi Isebania. Kenya na Tanzania zina kituo cha pamoja cha mpaka hapo, kwa hiyo mihuri si tabu. Tabu ilikuwa kadi ya homa ya manjano, iliyokuwa chini kabisa ya kiondo. Soksi zilitangulia kaunta, zikafuata chaja, chupi, na nusu ya mkate. Afisa alitazama dari kwa heshima hadi kadi ilipoonekana.

Kisha gari jingine, kutoka Sirari, upande wa Tanzania, hadi Tarime. Kisha ndege nyingine ndogo, sasa ikirudi mashariki. Alitua Kogatende jua likizama.

Unayepanga safari hii, kadi iweke mfuko wa shati, na uulize muhuri unagongwa wapi kabla ya kuuliza ni kilomita ngapi.