Namna ya Kurudi Winning Eleven Ukiwa na Kitambi

Umefika umri wa kuitwa anko na watu wenye ndevu. Una kazi, una mkopo, na ukikaa vibaya mgongo unakujulisha. Hakuna wakati mzuri kuliko huu wa kurudi Winning Eleven. Kuna walioizoea kwa jina la Pro Evolution Soccer, au PES. Ni gemu ileile ya Konami ya Japani, na kwenye kibanda cha gemu hakuna aliyesoma jalada, kwa sababu CD ilikuwa ya kuchoma na jina limeandikwa kwa maka peni.

Anza kwa kujidanganya kwamba unataka toleo jipya. Mwaka 2021 Konami iliachana na jina la PES ikaleta eFootball, ya bure kabisa. Ilipotoka mwishoni mwa Septemba, wachezaji walikuwa na nyuso ambazo hata mama zao wangezikana, na kampuni ikaomba radhi. Imetengenezwa sana tangu hapo, tuseme ukweli. Ila ukiifungua itakudai akaunti, itakudai bando, itakupa zawadi ya kuingia leo na kukuahidi nyingine ukirudi kesho, kisha itakutandazia kadi za wachezaji wa kununua kwa pesa halali. Mpira wenyewe utaukuta mbele ya safari. Vumilia wiki moja, halafu futa. Sasa una haki ya kusema mbele za watu kwamba gemu zilikuwa zamani. Anayesema hivyo bila kupitia mateso haya ni mzee tu.

Hatua inayofuata ni kutafuta PS2, ile mashine ya kibandani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na moja kati ya hizo iko uvunguni kwa shemeji yako. Ukimuuliza atakujibu, "Nzima kabisa, haisomi CD tu." Usibishane naye, hiyo ndiyo nzima. CD za kuchoma huakisi mwanga hafifu kuliko za kiwandani, na lenzi iliyokesha ikizisoma tangu enzi hizo imechoka kama wewe. Isimamishe wima. Ikigoma, igeuze miguu juu. Ikigoma tena, na ni ile nyembamba, weka kamusi juu ya mfuniko, ile nene, kisha kaa kimya usikilize: ikikwaruza mara mbili ikanyamaza, zima uanze upya, ikivuma mfululizo, ita watoto waje waone. Usimpelekee fundi kabla ya kamusi. Atakwambia lenzi imekufa, na atakuwa anasema kweli, jambo ambalo halikusaidii.

Nyaya ni tatu: njano, nyeupe na nyekundu. TV yako ya ukutani huenda haina matundu yake, kwa hiyo nunua kile kikopo cha kugeuza kwenda HDMI, na usikitafute cha bei mbaya. Kile cha bei rahisi kinachelewesha picha kidogo, yaani unabonyeza shuti na mchezaji anatafakari kwanza. Ucheleweshaji huo ni mali. Ni utetezi wako wa kwanza utakapofungwa, tena wa kisayansi.

Vidole havisahau: X pasi, mraba shuti, duara krosi, pembetatu pasi ya kupenyeza, R1 ya kukimbiza. Tatizo ni macho. Utakuta Liverpool inaitwa Merseyside Red, kwa kuwa Konami haikuwa na leseni, na utashangaa kwamba hukuwahi kuona ajabu yoyote. Kwenye Master League utaanza na Castolo, Minanda na Ximelez, watu wasiowahi kuzaliwa ambao uliwapenda kuliko binamu zako. Ukiangukia kwenye CD yenye sauti ya Kijapani, mwachie Jon Kabira atangaze. Hukumwelewa ukiwa mtoto na ulipiga kelele pale pale alipopiga yeye.

Kuhusu PES 6 na Adriano wa Inter: nguvu ya shuti 99, mguu wa kushoto. Mtu mzima mwenye heshima zake hamchagui Inter. Mchague, lakini sema umebonyeza kimakosa.

Sasa tuje kwenye mpinzani, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wanacheza na kompyuta, usiku, peke yao, sauti chini wasiamshe mtu, halafu wanalalamika kwamba gemu imepoa. Gemu haijapoa. Kibandani ulikuwa na shilingi mia, hela ya maandazi, na mshindi anabaki. Ukifungwa unaamka na njaa yako inaanza. Nyuma yako kulikuwa na watu waliokuwa na zamu, na wengi zaidi ambao hawakuwa na zamu wala mia, wakikuelekeza. Mchezaji mwenye mshahara hana cha kupoteza, ndiyo maana anapiga pasi za kivivu.

Kwa hiyo mwite mtoto wa jirani wa miaka kumi na minne. Ataingia, "Shikamoo anko," ataishika pedi kama kitu cha makumbusho, atauliza kwa nini ina waya. Mechi ya kwanza utamfunga. Ya pili atakuuliza R1 ni ya nini. Kuanzia ya tatu anza kutumia zile sababu zako, moja moja, usizimalize kwa mkupuo: picha inachelewa, pedi yangu R1 imekufa, mwanga wa dirishani, mshale wa hali ya mchezaji wangu unaelekea chini. Usithubutu kusema umechoka. Atakuonea huruma, na huruma ya mtoto wa kidato cha kwanza haina dawa.

Waite na wenzako wa kibandani, wale ambao siku hizi mnaonana misibani. Kila mmoja aweke hela mezani, ya kuuma kidogo, na aliyefungwa aamke. Ndiyo, hata kama TV ni yako, sofa ni lako na umeme umenunua wewe. Utasimama nyuma na wengine, na ukiwa pale unaruhusiwa kazi moja tu: kupiga kelele "Piga! Piga!" mpira ukishanyang'anywa.