Toa Sanduku Uvunguni: Mwongozo wa Mpangaji wa Doha

Unazijua dalili zake. Umepanga Najma, Bin Mahmoud au Al Wakrah, mkataba wa kazi umeshafanywa upya, na sanduku bado liko uvunguni, nusu limejazwa. Ukutani pana saa ya plastiki na kalenda uliyopewa na duka la kutuma pesa. Simu imejaa picha za nyumba unayojenga Kitengela, Kisauni au Mbezi: vigae umeshavichagua, rangi ya geti umeshaiamua, hata mahali pa kupanda mwembe fundi ameshaonyeshwa. Lakini ukiulizwa chumba unacholala leo kina rangi gani, lazima kwanza unyanyue macho ukitazame.

Kazi yangu ni kupamba nyumba za watu, na hali hii inaniuma. Nyumba unayojenga itakufaa siku utakapohamia. Miaka yako ya Ghuba inapita ndani ya chumba hiki cha kupanga, na chumba kisichopendwa humchosha mtu hata godoro likiwa zuri. Basi fuata mwongozo huu. Hautaki mshahara wa mhandisi wa gesi. Unataka ukaidi kidogo, futi ya fundi, sindano na uzi.

Hatua ya kwanza: vuta sanduku, mwaga kilichomo. Nina hakika mna khanga, kikoi, na pengine mkeka wa ukindu aliokufungia mama, bado una kamba zake. Umevitunza visichakae, navyo vimekaa gizani vikinuka naftalini. Hivyo ndivyo vitu vyako vya kwanza vya kupambia. Tandika mkeka leo. Vigae vya Doha, kiyoyozi kikiwaka usiku kucha, huwa baridi hata Agosti, na mguu unaoshuka kitandani juu ya ukindu huanza siku kwa amani.

Sasa kuta. Kuta za nyumba za kupanga Doha ni krimu. Mwenye nyumba hupaka krimu kwa sababu zake: haionyeshi vumbi upesi, haimkeri mtu, na mpangaji mmoja akitoka mwingine anaingia bila maneno. Simlaumu. Ila wewe hukuzaliwa ili usimkere mtu.

Tena mji wenyewe kwa nje una rangi ya mchanga. Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu aliyobuni I. M. Pei, yaliyofunguliwa mwaka 2008, ni ya mawe ya chokaa. Makumbusho ya Taifa ya Jean Nouvel, ya mwaka 2019, yamejengwa kwa masahani makubwa ya rangi ya mchanga, kwa mfano wa waridi la jangwani. Kuta za Souq Waqif zimekandikwa rangi ya udongo. Huko nje zinapendeza kwa sababu jua linafanya kazi: saa tatu kivuli kiko hapa, alasiri kimehamia kule, magharibi ukuta mzima umegeuka dhahabu. Ndani kwako jua haliingii. Pazia limefungwa kutwa kwa ajili ya joto la nyuzi 40 na zaidi, kiyoyozi kinanguruma. Krimu isiyo na jua hubaki kuwa krimu asubuhi, mchana na jioni.

Wazee wa mji huu walilijua hilo. Nyumba zao kwa nje zilikuwa kimya, ukuta mtupu upande wa barabarani. Rangi ilikuwa ndani, kwenye mazulia na mito ya kuegemea. Lamu ni vilevile: ukipita kichochoroni huoni ila jiwe na chokaa, lakini ukikaribishwa mpaka chumba cha ndani kabisa unakuta zidaka zimejaa sahani za Kichina. Nje kimya, ndani rangi. Hiyo ndiyo kanuni ya nyumba za bahari hii, na mpangaji wa leo ameigeuza: rangi ameiacha kwenye maduka ya nje, ndani akabaki na ukimya.

Ni rangi gani basi? Tandaza khanga sakafuni uitazame vizuri, maana hakuna mwalimu wa kupanga rangi anayeishinda. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina, mstari mmoja tu wa maneno. Rangi zake hazizidi tatu au nne, na ile ya pindo utaikuta imerudi ndani ya mji. Chumba kikae hivyohivyo. Pindo ni kuta na mapazia. Mji ni pale mnapokaa. Jina ni kitu kimoja kinachosema wewe ni nani: picha ya babu, jahazi la kuchongwa, ayah iliyoandikwa kwa mkono mzuri. Kimoja! Nimeingia vyumba vyenye majina kumi ukutani, Kaaba inayowaka taa, Arsenal, twiga, mawaridi ya plastiki, picha ya harusi na bango la Kombe la Dunia la 2022, yote yakipiga kelele kwa pamoja, na mwenye nyumba akilalamika kichwa kinamuuma akikaa sebuleni. Kitauma kweli.

Ukikosa pa kuanzia, anza na kisutu. Khanga hii ya bi harusi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kisha nenda Souq Waqif utazame mito ya majlis yenye nakshi za sadu, ufumaji wa wanawake wa Kibedui wa Bara Arabu: nyekundu, nyeusi na nyeupe tena. Mingi inayouzwa sasa imefumwa kwa mashine, na kwa mto wa kuegemea hilo si neno. Weka mto wa sadu juu ya godoro lililovishwa kisutu uone kama vitagombana. Havigombani. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote za jijini hapa, na gharama yake haifikii bei ya meza moja ya kioo.

Rangi ya nne ni damu ya mzee, ile ya bendera ya Qatar. Wekundu wa namna hii una historia ndefu katika pwani hii. Kwenye kisiwa kidogo karibu na mji wa Al Khor, kaskazini mwa Doha, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta marundo ya makombe ya konokono wa baharini, yaliyopondwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita ili kutoa rangi nyekundu ya zambarau. Kabla ya mafuta, kabla ya gesi, watu hapa walikuwa wanatengeneza rangi. Nawe umeridhika na krimu!

Paka damu ya mzee ukuta mmoja, ule ulio nyuma ya kitanda au nyuma ya mnapokaa. Usipake zote nne, kwa maana chumba kitakuwa kidogo na hakuna taa itakayokitosha. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, na weka akiba ya kopo la krimu, kwa sababu wengi hutaka ukuta urudi ulivyokuwa kabla ya kukurudishia dhamana yako. Akikataa, usigombane naye. Tundika kitambaa upana wa ukuta mzima kwenye fimbo inayojibana kati ya kuta mbili, bila msumari hata mmoja. Kwenye dirisha la magharibi tia khanga bitana nyeupe upande wa kioo, la sivyo jua la Julai litaila nyekundu yote na utabaki na pazia la waridi lisilo na jina.

Wapo wanaosita. Dada mmoja muuguzi, mtu wa Mombasa, aliniambia: “Lakini kaka, hapa si kwetu. Nitaipambaje nyumba ya watu?”

Nilimwambia atazame dari. Ukipita Souq Waqif utaona vichwa vya miti vimechomoza ukutani juu ya milango. Nyumba za kale za Doha zilibebwa na miti ya mikoko, na mingi ilitoka kwetu, Lamu na delta ya Rufiji. Ilikatwa kwenye maji ya chumvi, ikapangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikapakiwa majahazini, na kusi ikayasukuma mpaka Ghuba. Juu ya boriti mafundi walipanga mianzi iliyopasuliwa, juu ya mianzi mkeka wa matete, juu yake udongo. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita 3 na kidogo, huku na kule. Ndiyo sababu mtu wa Lamu akiingia nyumba ya zamani ya Doha huona kama anaifahamu kabla hajaonyeshwa pa kukaa. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na wakati huo saruji ilikuwa imeshashika mji, lakini dari zilizokarabatiwa zingalipo.

Bahari hiyohiyo ilipitisha na watu. Nyumba ya Bin Jelmood, mojawapo ya makumbusho ya Msheireb, inaeleza utumwa wa Bahari ya Hindi, wakiwemo waliochukuliwa Afrika Mashariki. Qatar iliufuta utumwa mwaka 1952. Nenda ukaione kabla hujaenda kununua mapazia. Ukitoka mle hutasema tena kwamba Mwafrika ni mgeni wa juzi katika mji huu, na hutaomba radhi kwa kutundika khanga.

Turudi kwenye ununuzi, ambako maangamizi hutokea. Usinunue seti ya sofa ya kifalme. Unaijua: miguu ya dhahabu, mahameli, migongo iliyochongwa taji, viti saba kwa familia ya watu watatu, imeshushwa bei na muuzaji anakuita rafiki. Ili iingie lazima mlango ung'olewe, na ikishaingia, watu ndio wanaotafuta pa kupita. Halafu plastiki haiondolewi, isije ikachafuka, na wageni wanakaa juu yake ikilialia kila wakijigeuza. Pima chumba kwa futi kabla ya kutoka nyumbani, andika vipimo kwenye simu, na muuzaji akikuita rafiki, msomee.

Cha kununua ni majlis. Godoro jembamba la sponji likatwe kwa kipimo cha ukuta, fundi cherehani alishonee foronya zenye zipu, mito iegemezwe, na katikati pabaki wazi. UNESCO iliiingiza majlis katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2015, lakini mtu aliyelelewa kwenye baraza hahitaji UNESCO kumweleza kwa nini watu huongea vizuri zaidi wakikaa wameegemea ukuta, wakitazamana. Watu kumi wataenea pale ambapo sofa la mfalme lingeketisha wanne. Zipu ni lazima: shamal ikivuma vumbi huingia hata dirisha likiwa limefungwa, na kisichofulika hakifai Doha. Ukienda Souq Haraj kutafuta vya mtumba, kabati na meza chukua bila wasiwasi, lakini chochote chenye sponji kiinamie, ufungue mishono, utafute kunguni kwa tochi. Ukikuta hata mmoja, ondoka bila kuuliza bei.

Taa sasa. Ondoa ile nyeupe ya dari, inayomfanya kila mgeni aonekane ametoka wodini. Geuza boksi la balbu usome: 6500K ni mwanga wa ofisi na duka la dawa, 2700K ni wa manjano, wa jioni. Nunua wa manjano, balbu mbili, na uziweke chini ya usawa wa macho, moja kwenye kona mnapokaa na moja kando ya kitanda. Sioni kitu kingine kinachobadilisha chumba kwa riyali chache hivi. Nyekundu yako itaamka, ngozi zenu zitapendeza, na mtoto atasinzia bila kubembelezwa sana.

Udi ufukizwe jioni, mlango ukiwa wazi kidogo, chetezo kikiwa mbali na pazia na mbali na king'ora cha moshi. Mti wa chunguni mmoja unatosha.

Na wewe ambaye huna chumba, una kitanda tu cha chini kwenye dabodeka la kampuni, usidhani umeachwa. Mwongozo huu ni wako kuliko wa yeyote, maana wewe ndiye unayerudi umechoka zaidi. Pitisha kamba chini ya kitanda cha juu, tundika khanga mbili upande wa nje ziwe pazia, mji ukutazame wewe. Bana taa ndogo ya betri ya manjano kwenye chuma cha kichwani. Waya wa umeme usipite kwenye kitambaa. Shuka iwe ya rangi unayoipenda wewe, si ile ya kijivu uliyopewa. Kama kanuni za makazi yenu zinakataza pazia, khanga itandikwe kitandani na picha moja ibandikwe chini ya mbao za kitanda cha juu, mahali macho yanapofunguka asubuhi. Mita mbili kwa moja ni ndogo, lakini ni eneo lako, na lina haki ya kuwa na rangi.

Mshahara wa mwezi huu ukiingia, anza na taa. Ukuta utafuata mwezi ujao. Na ukisimama dukani mbele ya makopo mawili ya damu ya mzee, chukua linaloelekea wekundu, uache linaloelekea kahawia, kwa sababu chini ya mwanga wa manjano kahawia hugeuka tope.