Weka Mahali Pakavu
Ngara bahari hatuna, ila mito tunayo, na mafundi wa vitanda hawahesabiki. Nilipomwendea mmoja kumwambia nataka mtumbwi wa mbao, alitoa futi kamba akaniuliza, "Nne kwa sita au tano kwa sita, mwalimu?" Tukaelewana tatu kwa kumi. Hata hivyo mkono ulishazoea: chombo kilipokamilika, tezi yake ilikuwa na nakshi ya ubao wa kichwani, ua katikati na mawimbi pembeni. Nyufa tukazikalafati kwa pamba na lami, kama nilivyoona wenyewe wakifanya nilipokuwa nafundisha Pangani.

Tanga lilitokana na viroba vya mbolea. Fundi cherehani, kwa kupenda unadhifu, aligeuza maandishi yote nje. Basi nikaingia mto Ruvuvu nikiwa nimetweka, kwa herufi nyekundu, WEKA MAHALI PAKAVU, na chini yake, USITUMIE KULABU. Wavuvi waliotega ndoano kando ya mafunjo walilisoma tangazo lile kwa sauti, silabi kwa silabi, kisha mmoja akauliza kama ni amri mpya ya bwana samaki.

Pwani pepo zina majina, kusi na kaskazi, na zina adabu ya kuja kwa msimu wake. Bondeni kwetu mafunjo humpita mtu mrefu pande zote mbili. Upepo hupita huko juu ukichezea migomba ya watu, tanga linaning'inia kama shati la marehemu. Na kupiga bisho katika kijia cha maji kama kile maana yake ni kuparamia mafunjo ya kulia, halafu ya kushoto. Kila ukiparamia, buibui wanahamia kwako.

Mkondo wenyewe hausubiri upepo. Maji ya Ruvuvu yanatoka Burundi, kule ambako Mjerumani Burkhart Waldecker alikwenda mwaka 1937 kutafuta chanzo cha kusini kabisa cha Nile, na yana safari ndefu ya Misri. Safari njema. Tabu ni kwamba njia ya Misri inapitia maporomoko ya Rusumo, penye mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa kwa sawa. Nikiwa nimepiga magoti nafua maji kwa kopo la rangi, nilianza kuwaza kichwa changu kitaangukia fungu la nani.

Akatokea mzee mmoja na mtumbwi wake wa gogo, anasukuma pondo taratibu. Alinitazama tu, mpaka nikakumbuka adabu.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Wapi safari?"

"Naelekea juu, babu."

"Mbona unashuka?"

Akanifunga kamba, akanivuta hadi nchi kavu bila kuuliza zaidi.

Kesho yake alikuja nyumbani; alikuwa anatafuta chombo cha kukamulia ndizi za pombe. Akauzunguka mtumbwi, akaugonga ubavuni kwa kidole, akainama kuchungulia mwanga kwenye maungio.

"Mwalimu, wewe yaliingia maji, ukalowa nguo basi. Mimi ikitoka pombe, wageni nitawaambia nini?"

Tanga ndilo lililompendeza. Akalikunja, akalitia kwapani.

"Hili naondoka nalo, la kuanikia maharage. Maagizo yameshaandikwa."