Keki ya Tonge Moja Haina Sahani ya Kurudisha

Wapendwa wa Ngamiani, Tanga,

Najua huko nyumbani kesi ya Waingereza ilishahukumiwa zamani: ni watu wanaokula mlango umefungwa, wasiojua jina la jirani, wanaogawana bili ya mgahawa mpaka senti ya mwisho. Simkatai shahidi hata mmoja. Ila kuna kielelezo ambacho mahakama ya barazani haijakiona, nacho ni keki ya chokoleti yenye ukubwa wa tonge moja. Ingieni ofisi yoyote ya huku Uingereza, au chumba cha walimu, au kile chumba cha manesi nyuma ya wodi. Karibu na birika la umeme mtakuta boksi la plastiki, ndani yake vikeki ishirini na kitu, kila kimoja kimekaa kwenye kikombe chake cha karatasi, na pembeni kikaratasi kinachosema jihudumieni. Aliyeoka hayupo. Yuko mezani kwake akijifanya anasoma barua pepe. Hoja yangu ni kwamba huu ni ukarimu kamili, tena umebuniwa kwa akili nyingi, na akili yote imekwenda kwenye jambo moja: kumlisha mtu bila kumwachia deni.

Tuanze na deni, maana mabingwa wake ni sisi. Mwezi wa Ramadhani sahani ya kaimati ikivuka ua, haivuki peke yake, inavuka na swali: itarudi na nini? Sahani ya watu hairudi tupu. Itarudi na vitumbua, au mihogo ya nazi, na ikikosekana kabisa itarudi na tende tatu zilizopangwa vizuri zionekane tano. Na hapo mwenye kaimati naye ameshaingia kwenye deni jipya. Mfaransa mmoja msomi, Marcel Mauss, alichapisha mwaka 1925 kazi maarufu sana juu ya zawadi, akaeleza kwamba katika jamii nyingi kutoa ni wajibu, kupokea ni wajibu na kurudisha ni wajibu. Ushahidi wake aliutoa visiwa vya Pasifiki na pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika. Angepata nauli ya Tanga mwezi wa mfungo angemaliza kazi kabla ya tarawehe. Sasa kitazameni kikeki. Hakina sahani. Kile kikombe cha karatasi mwisho wake ni pipa la taka, kwa hiyo hakuna chombo cha kuosha wala cha kurudisha, na hakuna mtu anayesimama jikoni kashika bakuli la jirani akiwaza atie nini. Na kwa kuwa ni tonge moja, aliyekula hakushiba. Mtu ambaye hukumshibisha utamdai nini?

Mjomba ataruka hapo hapo: huo ni ubahili, na ubahili ukiupaka chokoleti unabaki ubahili. Basi tufanye hesabu. Vikeki 24 vya namna hii vinataka gramu 100 za siagi, gramu 100 za sukari, mayai 2, gramu 80 za unga wa ngano, gramu 20 za unga wa kakao na kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda. Viungo hivyo hivyo vikimiminwa kwenye chombo kimoja vinatoa keki moja ya duara, si kubwa, ya kuliwa na watu wanane. Gharama ni ile ile, na kazi ya vidogo ni kubwa zaidi, kwa sababu kuna trei yenye mashimo ya kujaza moja moja, na kuna vikombe vya karatasi vinavyopenda kushikana kama vimegombezwa. Bahili hawezi kuchagua njia yenye kazi nyingi. Anachonunua mwokaji kwa jasho hilo ni usawa. Keki nzima inahitaji kisu, kisu kinahitaji mkono, na mkono haukosi upendeleo; sote tumewahi kuona kipande cha bosi kilivyo na kile cha mlinzi. Vikeki vilivyotoka kwenye trei moja havina cha bosi. Anayewahi anachukua, na anayechelewa anakuta kile kile.

Wala isidhaniwe Mwingereza alizaliwa na ujuzi huu. Zamani keki iliumuliwa kwa hamira na kusubiriwa saa kadhaa, au mayai yalipigwa mpaka mkono unakufa ganzi. Mwaka 1843 mkemia wa Birmingham aitwaye Alfred Bird akatengeneza bekingi pauda, kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na hamira. Miaka miwili baadaye Henry Jones wa Bristol akapata hataza ya unga unaoumuka wenyewe. Kabla yao, mwaka 1828, Waholanzi wa ukoo wa Van Houten walikuwa wameshapata hataza ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao, na ndiyo iliyotupa ule unga mkavu wa kopo. Kakao yenyewe haioti hapa hata kwa dua. Wenzetu wa Kyela wanayo, na kama wangeijua safari ya mbegu zao mpaka kwenye boksi la plastiki la Leeds wangedai nao waachiwe kimoja. Ninachotaka mkione ni kwamba mambo hayo yalipokutana, kuoka kwa ajili ya watu ishirini kukawa kazi ya jioni moja baada ya kutoka kibaruani, na vikiwa ndani ya oveni ni dakika 12 tu. Ukarimu wa dakika 12 unaweza kufanywa na mtu yeyote Jumanne yoyote. Haungoji Idi, haungoji shughuli.

Shangazi naye atauliza habari ya siku ya kuzaliwa, na hapa ninaomba mketi, kwa sababu ushahidi unashtua. Katika ofisi nyingi za huku mwenye siku yake ndiye anayewaletea wenzake keki. Anazeeka kwa gharama zake. Kwetu mwenye siku yake humwagiwa maji, akaletewa keki, akalishwa mbele za watu. Na kwenye harusi ndiyo kabisa, MC anaita wazazi wa bwana harusi, kamati, majirani wa zamani, na kila mmoja anasogea kulishwa kipande kwenye kijiti huku kamera inamtazama mdomoni. Wachaga hata keki yenyewe wanaigeuza mbuzi mzima, ndafu, na ulaji wake unamwonyesha kila mtu nani ni nani. Kulishana kwetu ni daftari la wazi: nani kaitwa, wa ngapi, nani kasahauliwa. Mwingereza analiogopa daftari hilo kuliko kodi. Akiacha wenzake wamkumbuke, itabidi akumbuke siku za wote. Akichangiwa, itabidi achange. Akileta vikeki 24 mwenyewe amelipa mapema, na hakuna atakayemwandika mahali popote. Mnaweza kumhurumia. Mimi naona amepiga hesabu vizuri.

Kama mnafikiri natia chumvi kuhusu heshima ya kitu hiki, sikilizeni sheria yao ya kodi. Kodi ya ongezeko la thamani huku ni asilimia 20, lakini keki haitozwi hata senti, kwa kuwa imewekwa kwenye chakula cha kawaida. Biskuti iliyopakwa chokoleti inatozwa, kwa kuwa imehesabiwa anasa. Kwa hiyo mwaka 1991 watu wazima wenye shahada walikaa kwenye baraza la rufaa kuamua kama Jaffa Cake, kiduara chenye jeli ya chungwa na utando wa chokoleti, ni keki au biskuti. Kwa umbo na ukubwa kilifanana na biskuti, na watu hukila kwa vidole wakikitoa kwenye pakiti. Lakini keki ikichacha hukauka, biskuti ikichacha hulainika, na Jaffa Cake hukauka. Ikaamuliwa ni keki. Mwaka 2014 kesi nyingine ikafika kwa majaji wa Scotland, ya kivimbe kitamu kiitwacho Snowball kinachopakwa nazi iliyokunwa. Majaji wakaletewa sahani ya vitafunwa mbalimbali wakaonja, kwa kiasi, kama kazi, nacho kikatangazwa keki. Mtacheka, lakini jambo hili linabeba hoja yangu. Zawadi ya anasa humfunga aliyeipokea. Hapa dola yenyewe imetamka, kwa hukumu iliyoandikwa, kwamba keki ni chakula tu, ndugu wa mkate na maziwa. Ukila cha mwenzio hujapokea anasa yoyote ya kukutia haya.

Pingamizi la afya lina uzito wake, na wenyewe wamelitoa. Januari 2023 Profesa Susan Jebb, wakati huo mwenyekiti wa mamlaka ya viwango vya chakula, aliliambia gazeti la The Times kwamba kuleta keki ofisini kunafanana kwa kiasi fulani na kuwavutisha wenzako moshi wa sigara: asingeletewa, asingekula. Alisema ni maoni yake binafsi, lakini nchi ilitikisika, na hata ofisi ya Waziri Mkuu ikabidi itetee uhuru wa mtu kujichagulia. Profesa ana hoja. Ila rudini kwenye hesabu yetu: gramu 100 za sukari kwa vikeki 24 ni kama gramu 4 kwa kila kimoja, yaani kijiko kimoja cha chai. Ushauri wa afya wa huku ni kwamba mtu mzima asizidishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Shangazi, chai yako ya asubuhi peke yake inavimeza vikeki vitatu, na hapo bado hujaligusa andazi. Kinachowaponza Waingereza ni hesabu ya safari za kwenda kwenye birika, ambazo huongezeka boksi likiwapo. Udogo wa keki unamfanya mtu ajione hajala kitu, na mtu ambaye hajala kitu hurudi. Hapo namwachia Profesa ushindi wa nusu.

Limebaki pingamizi kubwa kuliko yote, nalo siwezi kulipangusa kwa kikokotoo. Mtasema: pasipo deni hapana udugu. Sahani inayokwenda na kurudi ndiyo inayojua kwamba nyumba ya tatu kuna mgonjwa, kwamba fulani amerudi Dar, kwamba mtoto wa watu kapata kazi. Kikeki hakijui chochote. Nakubali. Mzee wa Kiingereza anaweza kuoka vikeki vya ofisi kwa miaka thelathini na akistaafu asitembelewe na mtu. Lakini kipimo cha haki ni kuangalia kikeki kinalisha watu gani. Kinalisha wasiochaguana: mhasibu wa Poland, nesi wa Kerala, dereva wa Somalia, kijana wa muda atakayeondoka Ijumaa. Watu hao ukiwafunga kwa deni la sahani watakimbia, kwa sababu hawajui wataishi wapi mwakani. Na dakika chache za kutafuna pamoja mbele ya birika huwafanya wasemezane, jambo ambalo mkutano wa saa mbili hushindwa kulifanya. Tazameni pia kile kikaratasi cha pembeni. Sheria ya huku inaorodhesha vitu 14 vinavyoweza kumdhuru mtu kwa mzio, na mwokaji wa nyumbani, ingawa vikeki vya kuwapa wenzake bure havimlazimishi, huandika mwenyewe: maziwa, mayai, ngano, hakuna karanga. Wengine huongeza kwamba hakuna jelatini wala pombe, wakijua mezani kuna Waislamu. Huyo amewafikiria watu wasiokuwapo mbele yake mmoja mmoja, bila kumwuliza yeyote dini yake. Na pale wanapotaka deni kweli, wanalihamishia kwa mtu wa tatu: tangu 1990 shirika la Macmillan la wagonjwa wa saratani lina siku yake ya kahawa na keki, watu wanaoka, wenzao wanatumbukiza sarafu kwenye ndoo, na anayedaiwa anamlipa mgonjwa asiyemjua.

Kasoro moja tu siwezi kuitetea. Kikeki cha mwisho hakichukuliwi na mtu. Kitakatwa nusu, nusu itakatwa nusu, na jioni mtakuta robo ya tonge imelala kwenye boksi, kila mtu akiipitia kwa adabu kama jeneza. Hofu ya deni imewaingia mpaka kwenye makombo. Kwetu kingekuwa kimepewa mtoto saa nne asubuhi na hakuna ambaye angeshtuka.

Hukumu yangu basi ni hii, na Mjomba aisome kwa sauti hapo barazani. Kwa jirani endeleeni na sahani, na irudi imejaa. Mkimpelekea jirani kikeki kwenye karatasi mtakuwa mmemtukana. Lakini kazini, bandarini, kwenye chama cha kukopeshana na kwa yule mtu wa idara ya pili mnayemsalimia kila siku bila kujua anakokaa, okeni vikeki. Hata kwenye jiko la mkaa vinaiva, moto kidogo chini na makaa juu ya mfuniko, dakika ishirini badala ya 12. Viacheni karibu na chupa ya chai, mwende zenu, na msiketi kuangalia nani anakula. Ndicho chakula pekee ninachokijua ambacho mtu anaweza kukila kwenu leo na mwezi ujao asithubutu kuwaletea kadi ya mchango wa harusi.