Dago Lisilo na Mgao

Wazee wetu walilala ufukweni kwa sababu walikuwa kazini. Mvuvi wa Nungwi au Kizimkazi akifuata samaki na upepo hupiga dago: kibanda cha makuti, sufuria moja la ubwabwa, wiki kadhaa au miezi huko Pemba, Mafia au mwambao wa Kenya. Mwisho pesa hugawanywa. Chombo fungu lake, nahodha lake, baharia lake. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema alikwenda kupumzisha akili.

Mtoto wa kaka yangu, mzaliwa wa Maskati, yeye hupumzisha akili. Kaja likizo na hema, jiko la gesi na fimbo ya kuvulia yenye gurudumu. "Ami," kaniambia, "nataka korongo la mlimani lenye mto. Tulale pembeni, tuvue, tuote moto."

Kuota moto, Unguja! Sisi wa Mji Mkongwe tunalala na feni, madirisha wazi, na bado shuka tunalipiga teke.

Kwao Oman ni kawaida: Alhamisi jioni familia nzima huingia garini kwenda Wadi Bani Khalid na makorongo mengine. Ikabidi nimsomeshe jiografia. Mlima wetu ni Masingini, haufiki mita 150, na msitu wake unalinda maji ya mji, si pahala pa kuchomea mishikaki. Mto tunao, wa Mwera, lakini ukifika kwenye maweni unazama ardhini kabla haujaiona bahari. Hata mto umeona bora ulale ndani.

Basi pwani ya mashariki. Kwanza kwa sheha, maana mgeni hapigi kambi tu. Mzee mmoja barazani akauliza tumekuja kuvua nini. Kijana akajibu, "Chochote." Mzee akatutazama kama watu waliofukuzwa na wake zao.

Alasiri maji yamejaa, kijana akarusha ndoana yake ya bei mbaya. Pembeni yake mtoto wa kijijini, mshipi kauzungushia chupa ya plastiki, chambo kipande cha ngisi, anatoa changu mmoja baada ya mwingine bila hata kuacha maongezi. Mara fimbo yetu ikapinda. "Chewa, ami! Chewa mkubwa!" Tukavuta mpaka mgongo wangu ukalia. Chewa hakusogea. Hatimaye mshipi ukakatika, tukala wali na tuna wa kopo.

Usiku ulikuwa wa usubi, mchanga na kaa waliodhani hema ni shimo la jamaa yao. Nilisema mapema kwamba mwezi ni mpevu, bamvua hiyo, tujongee juu. Kijana akatazama anga kwenye simu, kwa sababu kwao makorongoni hatari ni mvua: hunyesha mbali milimani, na korongo lililokuwa kavu likageuka mafuriko. Simu ikasema anga safi. Na ilikuwa safi kweli, bila hata wingu moja. Saa kumi alfajiri bahari ikaja na kuingia kitandani, kama kuna mtu anayethubutu kuliita lile godoro la upepo kitanda.

Saa nne asubuhi maji yametoka, yameondoka moja kwa moja hadi mwambani, na chewa wetu akaonekana: kamba ya mwani, imefungwa kwa vigingi, ndoana imenasa katikati. Kina mama wa upande huu wanalima mwani tangu 1989, na mwenye shamba alikuwa ameshasimama pale.

"Ndoana yenu hii, wanangu? Na huu mliong'oa, mnanunua?"

Mwani huuzwa mkavu. Huu ulikuwa unachuruzika, lakini mama akaukadiria kwa jicho, bei ya mkavu, na kijana aliyezoea riali akalipa bila neno. Mimi ningebishana, ila kiuno kilikuwa hakinyooki.