Yah: Ombi kwa Mheshimiwa Atumie Taa Yetu kwa Usiku Mmoja

Kwa Mheshimiwa Sana, Mzee wetu, Mlezi wa hospitali zetu na mwenye saini ya mwisho katika manunuzi ya vifaa tiba.

Shikamoo, Mheshimiwa. Pokea na shikamoo za wagonjwa waliokwisha kulazwa usingizi, maana wao hawawezi kuamkia.

Kwa heshima na taadhima nashukuru kwa jibu la ofisi yako kwamba ombi letu la laringoskopu ya video limepokelewa na linafanyiwa kazi. Tumelibandika ukutani, chumba cha upasuaji. Muhuri wake bado unasomeka vizuri.

Mheshimiwa, mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, hapumui mwenyewe. Hapo tunashika laringoskopu ya kawaida, yenye taa na ulimi wa chuma uliopinda, wa aina aliyoibuni Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943, tunainua ulimi na taya ya mgonjwa, kisha tunainama kuzitafuta nyuzi za sauti kwa macho ili mrija upite katikati yake. Ukiingia njia ya chakula, oksijeni inaanza kushuka. Kwa mama mjamzito aliyevimba koo, au mtu ambaye shingo yake haikunjuki, tunaona nyama nyekundu tu. Tunashukuru kwa imani yako kwamba tutapita pasipoonekana.

Laringoskopu ya video ina kamera karibu na ncha yake, hivyo inaona nyuma ya kona, na msaidizi naye anaona kwenye skrini. Huko Cleveland, Marekani, watafiti walilinganisha vifaa hivi viwili katika operesheni zaidi ya 8,400, matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Waliohitaji kujaribiwa zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 1.7 kwa video, na 7.6 kwa laringoskopu ya kawaida. Majeraha ya meno na njia ya hewa yalikaribiana. Nalisema hilo ili nisionekane napamba. Hata hivyo, kila jaribio la ziada huzidisha uvimbe na damu, na lile linalofuata huwa gumu kuliko lililopita. Wala hatuutupi ustadi wa zamani: kamera ikifunikwa na damu, au betri ikiisha, macho ndiyo yanayobaki.

Natambua kwamba barua hii nayo itapokelewa, itaingia kwenye jalada, na jalada litaingia kabatini. Kabati lako lina kufuli imara, nasi tunashukuru kwa ulinzi huo.

Kwa hiyo naleta ombi dogo zaidi. Tafadhali ipokee laringoskopu yetu, ile ambayo taa yake hufifia ikitikiswa. Usiku, zima umeme wa ofisi, bana pumzi, na kwa mwanga huo tafuta ombi letu la kwanza kabatini. Muuguzi wetu atasimama kando yako na kipimo cha oksijeni kidoleni mwako, akikusomea kwa sauti: tisini na sita, tisini na mbili, themanini na saba. Ukiliona, weka saini ndipo uvute pumzi.

Nauli ya muuguzi tutaichanga wenyewe. Tunakusihi tu umalize mapema, Mheshimiwa, kwa kuwa laringoskopu hiyo ndiyo pekee tuliyo nayo, na mama wa dharura anaweza kuletwa usiku huohuo.

Ndimi mtiifu wako,
Mtaalamu wa usingizi, hospitali ya wilaya